Jinsi ya kuwaandaa wachezaji wako kabla hamjaingia Barovia

Kama unataka kuendesha Curse of Strahd, kampeni (yaani hadithi ndefu ya sesheni nyingi) ya Dungeons & Dragons au D&D, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na kete, ambapo wahusika wananaswa Barovia, nchi ya kubuni ya vampaya Strahd, kazi kubwa kuliko zote haipo kwenye ramani za kasri wala kwenye takwimu za vampaya, ipo kwenye mazungumzo ya kabla, wakati wachezaji hawajaandika hata majina ya wahusika wao. Nalisema kwa moyo wote maana hii ndo kampeni ya D&D ninayoipenda kuliko zote, na inaniuma kuona inavunjika katikati kwa sababu watu wanne wamekaa meza moja kila mtu na mchezo wake kichwani, mmoja anataka kuua mazimwi na kukusanya dhahabu, mwingine kaja kucheka na washkaji, wa tatu ndo anataka kuogopa kweli, na wa nne hakuambiwa kabisa kwamba humu ndani kuna watoto wanaodhuriwa.

Elewa jambo moja kwanza. Mezani huna kamera, huna giza la ukumbi wa sinema, huna ule mlio wa ghafla unaomrusha mtu kwenye kiti. Una maneno na kete, basi. Mchezaji akiogopa ni kwa sababu yeye mwenyewe amekubali kuogopa, ameamua kumpenda mhusika wake kiasi cha kuumia akimpoteza, na ameamua kuuchukulia ule mlango unaogongwa usiku kama mlango kweli. Wewe DM, yaani mwendesha mchezo, unaweka nafasi tu, hofu wanaileta wao. Ndo maana huwezi kuwashtukiza nayo, lazima muiafiki kabla.

Historia yake kidogo, maana inasaidia kuwaeleza watu. Hadithi ya Strahd von Zarovich ilitoka mara ya kwanza mwaka 1983, waliiandika mume na mke, Tracy na Laura Hickman, na ilikuwa ya kasri moja na kijiji chake. Mwaka 2016 Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha D&D, wakaitanua kuwa kampeni nzima ya levo (ngazi za nguvu za wahusika) 1 mpaka 10, yenye bonde zima, miji, misitu na makaburi. Tracy Hickman ameshasimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kukutana mchezoni na vampaya kwenye chumba cha kawaida tu cha shimoni, katikati ya mazimwi mengine, akajiuliza huyu anafanya nini humu? Swali hilo ndo moyo wa kampeni. Strahd sio zimwi la kwenye chumba cha mwisho, ni mtu aliyewahi kuwa shujaa wa vita, akatamani mwanamke asiyemtaka, akamuua ndugu yake mwenyewe, na sasa anatawala nchi ambayo ndo gereza lake. Wachezaji wakiingia na fikra za "twende tukamuue bosi" hawatauona utamu wote huu.

Na usidhani kila mtu anajua gothiki ni nini. Ukimwambia mtu "kampeni ya kutisha" anaweza kuwaza mazombi na damu ukutani. Gothiki ni nyingine, ni nyumba ya kale yenye siri, ni familia yenye dhambi ya zamani inayokataa kufa, ni uovu unaovaa vizuri na kukukaribisha chakula cha jioni kwa heshima zote, ni mapenzi yaliyooza yakawa kumiliki. Sisi wa pwani tumekulia kwenye habari za mumiani, yule mtu wa kukamata watu usiku na kuwatoa damu, na ukiziangalia vizuri zile habari zilikuwa zinahusu nani ana mamlaka juu ya mwili wa mnyonge. Strahd yupo palepale. Ni mwenye ardhi, raia ni wake, damu yao ni yake. Ukiwaeleza wachezaji hivyo wanaelewa haraka zaidi kuliko ukianza na popo na majeneza.

Ujumbe wa kuwatumia kwanza

Kabla hamjakutana tuma ujumbe kwenye grupu. Andika kabisa, usiseme tu kwa mdomo, maana ya mdomoni kila mtu anabaki na kipande alichokipenda. Wangu unakuwa kama hivi, uuchukue uubadilishe utakavyo:

"Wapendwa, tunaanza kampeni ya gothiki. Wahusika wenu watajikuta kwenye nchi yenye ukungu na hamtaweza kutoka, sio kwa miguu wala kwa uchawi, mpaka mambo fulani yatimie. Mapambano hayajapimwa kulingana na levo zenu, mengine ni ya kukimbia. Adui mkuu mtakutana naye mapema sana na mtakuwa hamumuwezi, hilo ni makusudi. Kuna huzuni nyingi, na ushindi wenu mara nyingi utakuwa mdogo, kuokoa mtu mmoja, sio kijiji. Kuna mambo mazito: watoto kudhuriwa, mwanamke anayeandamwa na mtu mwenye nguvu, akili kutekwa, wazimu, kula nyama ya watu. Kama kuna ambalo hulitaki kabisa niambie hata pembeni, sitauliza sababu. Kama mchezo wa namna hii sio wako, pia niambie, tutacheza mwingine pamoja, na urafiki uko palepale."

Sentensi ya mwisho usiiache. Kuna watu watakubali kampeni kwa sababu tu hawataki kubaki nje ya grupu, alafu sesheni ya tatu wanaanza kuchelewa, ya tano hawaji. Mpe mtu mlango wa kutoka kabla hajaingia.

Utasikia DM wengine wanasema ukitaja mambo haya mapema unaharibu siri. Sikubaliani nao hata kidogo. Kusema "kuna watoto wanaodhuriwa" haimwambii mtu nani, wapi, wala kwa nini. Hofu inabaki yote. Unachokitoa ni lile kofi la kumpata mtu ambaye kafiwa na mtoto mwaka jana na we hukujua.

Sesheni ziro

Hiki ni kikao cha makubaliano kabla mchezo haujaanza. Hapa ndo mkae, ana kwa ana au kwenye simu ya grupu kama mko miji tofauti, na msicheze chochote siku hiyo. Wenye haraka wataomba "tuanze kidogo tu", kataa, kwa upole.

Kitu cha kwanza ni mipaka. Kuna njia mbili ambazo wachezaji duniani kote wanazitumia na zinafaa sana hapa. Moja ni ya mistari na mapazia, imetokana na kazi ya mbunifu wa michezo Ron Edwards. Mstari ni jambo ambalo halitakuwepo kabisa kwenye hadithi yetu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea ila haturushi macho yetu hapo, tunafunga pazia na hadithi inaendelea kesho yake asubuhi. Mfano mateso, watu wengi wanayaweka nyuma ya pazia, mnasikia mlango umefungwa, mnakutana na mfungwa baadaye, imeisha. Nyingine ni kadi ya X ya John Stavropoulos, unaweka katikati ya meza kadi yenye herufi X, mtu akiigusa tu kilichokuwa kinatokea kinaondolewa, hamna maswali hamna lawama. Mkicheza kwa mtandao mtu anaandika X kwenye chati. DM aiguse yeye kwanza siku ya mwanzo, hata kwa mfano tu, ili watu waone haina aibu.

Alafu kuna la dini, ambalo miongozo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani hailigusi kwa uzito tunaouhitaji sisi. Humu kuna mwanamke anayepiga ramli kwa karata, seti ya karata 54 inayoitwa Tarokka, anatoa karata tano na hizo tano ndo zinaamua silaha na vitu vya msaada vimefichwa wapi, nani atakuwa mshirika wenu, na Strahd mtamkuta wapi ndani ya kasri. Ndo uti wa mgongo wa kampeni, kila kundi linapata mpangilio wake. Sasa mezani kwako unaweza kuwa na Muislamu au Mlokole ambaye kucheza hadithi ya uchawi anaona sawa, ila kukaa mbele ya karata za ramli zilizoshikwa mkononi na mishumaa imewashwa, moyo wake unakataa. Usimcheke na wala usimuhubirie kwamba ni mchezo tu. Muulize. Kuna njia nyingi, unaweza kupiga kete kisiri nyumbani na kuleta matokeo kama ndoto, au kama barua, au kama maneno ya kikongwe, na hadithi haipungui kitu. Vilevile alama takatifu na mapadri, wa humu ni wa mungu wa kubuni anaitwa Morninglord, liseme hilo mapema ili asije mtu akadhani dini yake ndo inaigizwa.

Kingine ni kutekwa akili. Vampaya anamtazama mhusika machoni na mhusika anageuka kumuona kama rafiki wa kuaminika. Kwa wengine hii ni raha, wanaigiza vizuri kabisa, kwa wengine ni kero kubwa kuliko kufa, maana mhusika ndo kitu pekee mchezaji anachokimiliki mezani. Muulize kila mmoja: ikitokea, unataka uendelee kumwendesha mwenyewe huku ukijua kinachotakiwa, au nimchukue mimi kwa muda? Andika majibu kwenye daftari lako.

Na kuhusu Ireena, yule dada ambaye Strahd anamuandama. Hili linahitaji uangalifu mkubwa kuliko mazimwi yote. Kuna wachezaji, hasa wanawake, ambao wameshaandamwa kweli, simu usiku, mtu kusimama nje ya geti. Kwenye meza ya namna hiyo usimuonyeshe Ireena kama mzigo wa kubebwa. Mpe upanga, mpe maoni, akatae mbele ya watu, na wachezaji wajue kabisa kwamba hadithi hii haimwoni Strahd kama mpenzi mwenye huzuni anayestahili kuhurumiwa. Maumivu anayo, ndio, lakini ni mtesaji. Ukilisema wazi siku ya sesheni ziro, unaondoa ile hali ya mchezaji mmoja kuanza kutania "si amuoe tu yaishe".

Wavistani

Hawa ni watu wa ndani ya kampeni wanaosafiri kwa magari ya farasi, wanaweza kupita kwenye ukungu, ndo wapiga ramli. Mchezaji wa Dar, Mombasa au Bujumbura anaweza asijue kwamba wamechorwa kwa kufuata dhana za zamani za Wazungu kuhusu Waroma, jamii halisi ambayo asili yake ni kaskazini mwa India na ambayo imeteseka sana Ulaya, kule Wallachia na Moldavia walikuwa watumwa mpaka miaka ya 1850, na wakati wa utawala wa Hitler waliuawa mamia ya maelfu. Toleo la 2016 lilikuwa na mambo ya kuwaonyesha kama walevi na wasioaminika, wachezaji wakalalamika, na mwaka 2020 Wizards of the Coast walikubali kurekebisha na chapa za baadaye zikabadilishwa maneno. Sisi tunajua vizuri jinsi inavyokuwa hadithi ya mtu mwingine ikikugeuza kuwa mchawi au mwizi wa kudumu. Kwa hiyo mezani waambie wachezaji: Wavistani ni watu, wapo wanaomtumikia Strahd kwa hofu au kwa pesa na wapo wanaomchukia, kama tu wanakijiji wengine. Na lafudhi za kuigiza achana nazo.

Wahusika wa namna gani

Hapa watu wanakosea kwa nia njema, wanakuja na mhusika mwenye mkasa mzito, wazazi wameuawa, kijiji kimechomwa, haongei na mtu, anakaa kona ya baa. Huyo hawezi kuogopa kwa sababu hana cha kupoteza. Omba kinyume chake. Omba mtu mwenye uchangamfu, mwenye mama anayemsubiri, mwenye deni la ng'ombe kwa jirani, mwenye mpango wa kuoa mwezi ujao. Barovia itamla taratibu na mtaona mabadiliko.

Maswali ninayopenda wayajibu kabla ya kuchagua klasi, yaani fani ya mhusika: nani atakulilia usiporudi? Ni kitu gani unakitamani kiasi kwamba mtu mbaya akikupa kwa bei nafuu utasita kukataa? Kuna kosa gani umelifanya ambalo wenzako wa safari hawajui? Swali la pili ni la muhimu sana sababu nchi hii inapenda kutoa zawadi, na kila zawadi ina mkia. Majibu wayalete kwako faragha.

Klasi yoyote inafaa. Wengi wanauliza kama kleriki au paladini (wahusika wenye nguvu za kidini) wataharibu hofu kwa kuwa wanawapiga vizuri wafu watembeao. Hapana, waache, kundi litahitaji kila mwanga lililonao, maana hata mchana wa Barovia ni wa mawingu na sheria zinasema jua lake halihesabiki kama jua la kumuunguza vampaya. Ila mhusika wa kichekesho, yule mwenye jina la utani la chakula, huyo mwombe amuweke kwa kampeni nyingine.

Hii haimaanishi watu wasicheke. Watacheka, na wacheke, mtu aliyebanwa kifua kwa saa tatu bila kucheka anachoka. Makubaliano yangu ni kwamba wahusika wanaruhusiwa kutania, wachezaji ndo wajizuie pale mwenzao anapokuwa kwenye sini yake. Mtu analia mbele ya kaburi la baba yake na wewe unarusha mimu kwenye grupu, hilo hapana.

Kufa na kukimbia

Hapa nakaa kidogo maana ndo panapovunja makundi. Mchezaji wa D&D amefundishwa na kampeni nyingine kwamba kila kilichowekwa mbele yake kinapigika. Strahd ana pointi za uhai 144, anajirudishia 20 kila zamu yake inapoanza asipokuwa ameumizwa na nuru au maji takatifu au yupo juani au kwenye maji yanayotiririka, na anaweza kuja kuwasalimia mkiwa levo 3. Ukisema tu "mengine ni ya kukimbia" hawatakimbia, nakuhakikishia, sababu sheria zenyewe zinaadhibu kukimbia, ukimpa adui mgongo anakupiga, na wengi wana mwendo sawa na wewe au zaidi.

Kwa hiyo wape sheria ya nyumbani, na waijue kabla: wachezaji wote wakikubaliana kwa sauti kwamba "tunakimbia", tunatoka kwenye mpangilio wa zamu hapohapo. Inakuwa sini ya kukimbizana, kila mtu anasema anafanya nini kusaidia, anarusha kete, na gharama inaweza kuwa kitu walichokiacha nyuma, jeraha, au mwenyeji wa kijiji aliyebaki, lakini kundi linatoka. Ukiwa na sheria hii wachezaji wanaanza kukimbia kweli, na hapo ndo hofu inaanza kufanya kazi, kwa sababu kukimbia sasa ni uamuzi wao na una bei.

Kuhusu kifo waulize waziwazi: mhusika akifa, unataka nini? Wapo wanaotaka mpya aingie sesheni ijayo, ukungu unaleta wageni kila siku kwa hiyo hamna shida ya maelezo. Wapo wanaotaka arudi na alama fulani ya kutisha. Kila mtu awe na mhusika wa akiba ameshaandikwa levo na vitu vyake. Na DM naye aahidi jambo, kwamba hataua mtu kwa mshangao bila dalili yoyote kabla. Dalili iwepo, nyayo, harufu, ndege kunyamaza, onyo la mzee. Wakiipuuza ni juu yao.

Meza yenyewe

Simu kimya, taa za pembeni badala ya ile kubwa ya juu, muziki wa chini sana au usiwepo, watu wale kabla sio wakati. Saa tatu zinatosha, ukivuta mpaka saa nane usiku watu wanasinzia na hofu inageuka uchovu. Mwisho wa kila sesheni tengeni dakika kumi za kurudi nyumbani kiakili, kila mtu aseme kitu alichokipenda na kitu anachotaka kipungue, alafu ongeeni mpira au kazi kabla ya kuagana. Kampeni hii huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, na mipaka ya watu inabadilika njiani, mtu anaweza kuwa sawa na jambo mwezi wa kwanza na asiliweze mwezi wa sita kwa yaliyompata. Rudieni mazungumzo ya mipaka kila mnapomaliza sehemu kubwa ya hadithi, mfano mkitoka mji wa Vallaki, au kabla ya kupanda kasri.

Na amueni mapema nini kinatokea mtu asipokuja. Kwa kawaida D&D inamweka mhusika wake nyuma kimyakimya, lakini Barovia ina ukungu, na unaweza kuutumia: mhusika anapotea asubuhi, anarudi sesheni ijayo akiwa na matope kwenye viatu, na mchezaji mwenyewe ndo anachagua kama anakumbuka alikokuwa. Ila mwombe ruhusa kwanza, siku ileile ya sesheni ziro, maana kuna wanaopenda sana na kuna ambao wataona unawaadhibu kwa sababu walikuwa zamu ya usiku kazini.